Mwalimu Yudith na Salamu Iliyokosa Jibu

Baada ya miaka thelathini na minne kazini, Mwalimu Yudith Shemweta anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Alianzia shule ya msingi huko kwao Gare, kisha akahamia hapa Lushoto, kwenye kituo chetu cha elimu ya watu wazima. Ndiye aliyeanzisha darasa la Kiswahili kwa familia zilizokimbia Burundi na kupewa makazi upande wa Shume. Mimi Zuberi nafundisha chumba kinachopakana na chake, na ukuta wetu ni mwembamba.

Ukali wake kwenye salamu hakuna asiyeujua. Ukimpita kwa haraka, anakurudisha. Mgeni mmoja kutoka mkoani alifungua kikao moja kwa moja na ajenda. Mwalimu akamkatiza, akamsalimia upya, akaulizia nyumbani, watoto na mifugo, hadi mgeni akasahau alichokuja kutukaripia.

Basi somo lake la kwanza lilikuwa hilo hilo. Huku milimani hatuanzi mazungumzo kabla ya kujuliana hali za watoto, na yeye aliamini asiyejua kuitikia hapo atabaki mgeni. Kila asubuhi kila mwanafunzi alisimama na kuulizwa: habari za nyumbani, watoto hawajambo?

Sesilia hakujibu. Alikuwa mama wa makamo, hodari wa shamba, karoti zake zikigombewa sokoni. Darasani alikaa akitazama mlango. Maneno aliyoyashika Jumatatu, Jumatano hayapo. Lori la mbao likipita na kutikisa madirisha, somo zima limekwenda nalo. Miaka miwili alibaki darasa la mwanzo, na ofisini akasemwa kuwa ni mzito wa kuelewa. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, akazidi kumrudia salamu ile ile, taratibu na kwa sauti ya juu.

Ni mwanafunzi mwenzake, Mika, aliyemfuata Mwalimu wakati wa chai akamweleza kwamba watoto wa Sesilia waliuawa njiani, wakikimbia. Chai ile haikunyweka. Mwalimu alilia mbele yetu sote bila kujificha. Miaka miwili alikuwa akimtonesha mama yule kidonda, hadharani, akidhani anafundisha.

Kesho yake darasa lilianza na jembe, mbolea, mvua na baridi. Mlango ukaachwa wazi, na aliyetaka kunyamaza akaachwa anyamaze. Wengi walisonga mbele, na leo wapo wanaobishana bei na Washambaa sokoni wakashinda. Sesilia alipata maneno ya shamba. Mengine yalikaa, mengine yalimtoroka. Salamu hakuigusa, na tusidanganyane kwamba jembe lilimponya.

Mwaka jana Mzee Benjamini, mume wa Mwalimu, alifariki. Mungu hakuwajalia watoto. Aliporudi kazini baada ya msiba, Mwalimu alisimama mbele ya darasa akashindwa kutoa hata neno. Ukimya ule ulinitisha, nikaenda hadi mlangoni. Nilimkuta Sesilia ameinuka, amemshika Mwalimu mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema polepole. "Nyumbani kwako kimya. Kwangu pia kimya."

Mwalimu aliitikia marahaba, kwa shida. Tangu siku hiyo Sesilia hajamsalimia mtu mwingine kwa Kiswahili, wala hatumlazimishi.

Mwalimu, kituo kinakushukuru kwa kazi yako, na zaidi kwa kukubali kubadilika ukiwa na mvi tayari. Darasa lako nalirithi mimi, na litaanza na jembe. Tunajua unarudi Gare kwenye nyumba isiyo na mtu, na hilo linatuuma. Tunakuombea afya njema na miaka yenye amani. Tukija kukutembelea hatutakuuliza habari za nyumbani. Tutapiga hodi, Sesilia akiwa mbele, kisha tutakaa nawe.