Bampa la Kijani Kwenye Gari Jeupe

Leo Ijumaa, tarehe 29 Juni 2018, Bwana Dilawar Mohamedjaffer anaweka spana chini baada ya kutumikia miaka kumi na mitano na nusu katika yadi yetu ya spea zilizotumika hapa Rexdale, ughaibuni. Aliingia Januari 2003 akiwa amevaa kofia ya sufu aliyoazima kwa shemeji yake. Anaondoka akiwa mtu pekee ninayemjua anayeweza kukuambia bampa ni la gari gani kwa kulipapasa akiwa na glavu mkononi.

Alikuja na sifa zake. Kisumu alikuwa na duka la spea kwa miaka ishirini, na huko, kama wengi wetu tunavyokumbuka, hakuna bampa lisiloingia. Fundi hukata hapa, hutoboa pale, hufunga waya, na jua humalizia kazi. Mwenye yadi, Cyprian, alimpa miezi mitatu ya majaribio. Mimi nilikuwa mezani napokea simu, kwa hiyo niliyaona yote.

Wiki yake ya pili akaja Gerishon, mpakia mizigo wa ghalani, mtu wa Meru. Korola yake nyeupe ya mwaka 1999 ilikuwa imeteleza kwenye barafu ikagonga nguzo. Bampa la mbele likavunjika, na polisi wakamkataza kuiendesha mpaka aweke jingine. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Jumamosi mkewe Nkirote na binti yao Kendi, wa miaka saba, walikuwa wanatua kutoka Kenya baada ya miaka minne ya kutoonana naye. Gari hilo alilinunua kwa ajili ya siku hiyo, na Kendi alishaambiwa kwenye simu kwamba atapanda gari jeupe la baba.

Dilawar bhai hakuhangaika. Alichukua bampa la Korola ya 2001, akasema haya magari ni ndugu, akatoka nalo uani kwenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri. Pembe zikagoma. Akafanya kama Kisumu, akalipiga goti. Bampa likapasuka vipande vitatu kama papadi.

Cyprian hakupiga kelele. Alisema tu kwamba ikifika Ijumaa jioni bila bampa linalokaa, Jumatatu asijisumbue kuja. Kibarua kilikaribia kuota nyasi, na nyumbani, ghorofa ya kumi na moja, kulikuwa na Zebunissa na watoto wawili wa shule.

Alipiga simu yadi nyingine, na zote zikamjibu kwamba lipo. Kwa mara ya kwanza maishani hakumwamini muuza spea mwenzake. Akachukua futi ya cherehani ya mkewe, akatia kipande cha bampa bovu la Gerishon kwenye mfuko wa taka, akapanda mabasi ya barabara za Kipling na Islington siku mbili mfululizo. Kila yadi alipima, akahesabu matundu ya klipu, vile vibanio vya kulishikilia, akatikisa kichwa, akaondoka. Ijumaa alasiri, pembezoni mwa North York, akalipata. Lilikuwa sahihi mpaka tundu la mwisho. Lilikuwa pia kijani kama pilipili hoho.

Alirudi nalo kwa basi, amelisimamisha wima kama abiria. Aliliweka karibu na hita yangu saa nzima lipate joto, ndipo akalifunga. Lilikaa kwa kusukumwa na mkono mmoja. Gerishon alilia, nasi tukajifanya tunatafuta bolti.

Tangu siku hiyo Dilawar bhai hajamuuzia mtu bampa kwa kutajiwa jina la gari na mwaka. “Niletee lile bovu, nilione,” huwaambia wote, wakili na dereva wa teksi. Wengi wamenung'unika, na matusi nimeyapokea mimi kwenye simu, lakini hakuna aliyerudisha bampa. Nami kila kipupwe nimekula chakula cha mchana nikiwa nimezungukwa na mabampa yanayoota moto.

Gerishon hakulipaka rangi lile la kijani. Kendi alikataa, kwa kuwa nje ya shule magari meupe yalikuwa mengi lakini lenye bampa la kijani lilikuwa moja tu, la baba yake. Gari lilipokufa mwaka 2014 lililetwa hapa. Dilawar bhai aliuza kila kipande isipokuwa bampa, ambalo limening'inia juu ya meza yangu hadi leo.

Yeye mwenyewe hajawahi kumiliki gari. Kesho asubuhi anahamia Calgary na Zebunissa, kwa binti yao, na Kendi, ambaye sasa anasomea uuguzi, ameomba awapeleke uwanja wa ndege. Mwezi jana alikuja kuuliza kama bampa la kijani lingeingia kwenye gari lake. Dilawar bhai alilipima, akahesabu matundu, akasema hapana. Alichofanya Kendi baadaye mzee hakijui, na hapa ndipo anapokisoma.

Asante, Dilawar bhai, kwa yote. Tunakuombea Calgary ikukae vizuri bila kupigwa goti. Kesho mkishuka chini na masanduku yenu, tafuteni gari jeupe. Bampa lake amelipaka kijani.

Kwamboka, ofisini