Kiguu na Njia, Mpiga Picha za Nyota

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya wafiwa kuwasomea maisha ya mama yetu mzazi, ambaye wengi wenu mlimwita Kiguu na Njia, na yeye aliitika.

Mama alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, mtoto wa nne wa fundi seremala, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1978, na kila ripoti yake ililalamika kwamba anajua lakini hakai kitini. Masomo yaliishia hapo, si kwa kushindwa, bali kwa kuwa sekondari alipelekwa mmoja tu, kaka yake, ndiye Mjomba wetu aliyekaa hapa mbele.

Mwaka 1981 alianza ushonaji kwenye baraza ya duka la vitambaa, akikanyaga cherehani asubuhi na kuwapelekea wateja nguo zao jioni kwa miguu. Tarehe 14 Agosti 1987 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori, aliyetutoka mwaka 2011, na walijaliwa watoto watatu, mimi nikiwa kitindamimba.

Sasa nafika sehemu ambayo kikao cha familia kiliifuta jana, kikisema andika alikuwa fundi cherehani, mama wa heshima, basi. Siiruki. Tumekuja kuzika mtu mzima au nusu mtu?

Juni 2016, mteja wake mmoja, mwalimu wa fizikia, alimkaribisha kwenye klabu ya wapenzi wa nyota, inayokutana kila Ijumaa juu ya paa la maktaba, akajiunga, mwanamke pekee kati yao, na maneno yakaanza, kwamba mjane mzima anatoka usiku na wanaume, anafuata nini? Mjomba alimwuliza waziwazi, dada, huko juu umepoteza nini, naye akajibu, kaka, ndiyo naenda kutazama.

Akapata kamera iliyokwishatumika, akaifunga kwenye darubini ya klabu. Picha ya nyota hutaka kamera iachwe wazi dakika kadhaa bila chochote kutikisika, na Mama alikuwa akizunguka pale kama anayesubiri matokeo ya mtihani, paa likitetema, nyota zote zikatoka kama minyoo. Wenzake wakamjia juu, Mama, utatuua, hebu kaa chini, na hiyo miguu ikunje! Akakaa. Sisi wanawe hatukuwahi kumkalisha hata akiwa na homa, wao waliweza, na aliporudi na picha yake ya kwanza safi, wingu jekundu ambamo nyota huzaliwa, alituambia kwamba kwa mara ya kwanza hakutamani kuwa mahali pengine.

Februari 2024 aligunduliwa kuwa na uvimbe kwenye ini, akatibiwa, akawa anaingia na kutoka hospitalini, hadi tarehe 3 Novemba 2025 alipofariki.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliosogeza kitanda chake dirishani kila alipodai, majirani, na mafundi wenzake wa barazani. Na tunawashukuru wanaklabu, ambao tangu asubuhi wamesimama kule getini kwa sababu hakuna aliyewaambia kama ni wageni au wafiwa. Ninyi ni wafiwa. Naomba mje mkae mstari huu wa mbele, na Mjomba, shikamoo, tafadhali sogea kidogo wapate nafasi.

Mama, amani iwe nawe, na upumzike utakapochoka.