Mama na Somo la Mvua

Mwalimu mstaafu alimtazama jirani yake kwenye treni, mwalimu kijana, akisahihisha madaftari, hadi uvumilivu ukamwishia. "Binti, umewafundisha wanafunzi hawa namna ya kujisomea?" "Wanarudia somo mara tatu, mzee." "Inaingia sikio hili, inatokea lile! Wafunge daftari, wakamweleze mtu nyumbani. Mimi nilimweleza mama jinsi mvua inavyotokea. Anakata vitunguu, anauliza, 'Kwa nini?' Nakuna kichwa mpaka nipate jibu."

"Kina mama wa siku hizi wanarudi hoi. Nani ana muda huo?"

Mzee alicheka, kisha sauti ikamlegea. "Mimi kitinda mimba. Kaka na dada zangu sita walipitia kwa mwalimu yuleyule aliyenifundisha mimi. Mvua hiyo mama alishaelezwa mara sita."

Treni ilisimama. Akainuka, akageukia mlangoni. "Na bado aliniuliza kwa nini."