Jina la Siri la Mchezo

Ndani ya treni, mama mshonaji alikaa nyuma ya vijana wawili wanaotengeneza michezo ya kompyuta, katega sikio kama kawaida yake, maana umbea hautozwi nauli.

"Kaka, lile jina la siri tulibadilishe," alisema msichana, ambaye kazi yake ni kuijaribu michezo.

"Dada, acha hizo," alijibu mwandishi wa programu. "Kila mchezo tunaupa jina kutoka makaburi ya nyuma ya ofisi, washindani wasijue tunatengeneza nini. Mbona hujawahi kulalamika?"

"Mingine haikuitika. Jana niliandika 'Pindo' nifungue faili, yule mtoto wa kwenye skrini akageuka. Hatujamwekea sauti, lakini aliniuliza, 'Mama ameshakuja?'"

Mshonaji alikoma kutabasamu. Pindo ni jina alilompa bintiye, kwa vile mtoto huyo hakuwa akiliachia pindo la gauni la mama yake, na ndilo aliloagiza lichongwe kaburini.

Treni ilisimama.

"Ukamjibu nini?" aliuliza kijana akiinuka.

"Nikamwambia bado."

Walishuka kwenye kituo cha ofisi yao wakibishana. Mshonaji, ambaye hakuwahi kurudi kaburini tangu mazishi, akashuka nyuma yao, ingawa kituo chake kilikuwa mbele.