Mhandisi Yudith Matonya, Aliyeifunga Roshani ya Kwaya

Mpendwa wetu Yudith Matonya alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 kijijini Handali, mtoto wa tatu wa mzee Sostenes Matonya, mfugaji, na mama Ruthu. Alisoma shule ya msingi hapohapo Handali na sekondari Dodoma mjini, kisha akahitimu uhandisi wa ujenzi Dar es Salaam mwaka 1987. Alikagua majengo ya serikali Singida na Dodoma hadi alipostaafu mwaka 2022.

Mwaka 1989 alifunga ndoa na Nikodemo Chedego, mwalimu wa kwaya kanisani kwetu Ipagala. Walikutana mazoezini. Yudith aliimba sauti ya pili na, kwa maelezo ya mumewe, aliipoteza kila ubeti.

Mwaka 2018, Pasaka ikikaribia, aliona nyufa na madoa ya kutu chini ya roshani ya kwaya. Zege lake lilichanganywa kiangazi kwa maji ya kisima chenye chumvi. Chumvi ilizifikia nondo, zikashika kutu, kutu ikavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Akamwomba mchungaji aifunge. Wanakwaya walikasirika, maana wageni walishaalikwa.

"Mama Lea, umeniaibisha mbele ya watu wangu," Nikodemo alimwambia nyumbani.

"Nichukie tu, baba Lea. Mradi uwe mzima wa kunichukia."

Wakawa wanakula bila kusemezana. Sikukuu ile kwaya iliimba ikiwa imesimama chini, kando ya madhabahu, na mabenchi yaliyo chini ya roshani yakaachwa wazi. Jumatano iliyofuata, kanisa likiwa tupu, kipande kikubwa cha roshani kiliyaangukia mabenchi hayo. Nikodemo alikwenda kuona. Aliokota nondo iliyolika ikabaki nyembamba kama kalamu, akarudi nayo nyumbani, akaketi jikoni karibu na mkewe. Yudith akampakulia chakula, na hakumkumbusha jambo lile maisha yake yote.

Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Aliugua kwa uvumilivu, akafariki hospitalini Dodoma alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025, Nikodemo akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, Lea na Abeli, wajukuu wanne, na mdogo wake Marko. Siku zake za mwisho Lea alimuuliza wamjengee kaburi la namna gani. "Msinimwagie zege, mwanangu," alijibu. "Udongo unanitosha."

Leo tunamlaza Nzuguni, kwenye udongo mtupu, kama alivyotaka. Mungu ampumzishe humo kwa amani.