Gari Lisilo na Baa: Maisha ya Mzee Abner Onyancha Momanyi, 1919–1977

Wasifu huu umesomwa na mpwa wake, Mwalimu Esnah Nyamusi, katika mazishi yaliyofanyika Nyakoe, Jumapili tarehe 11 Septemba 1977.

Wazee wa kanisa, jamaa, majirani na marafiki mliotoka mbali: huyu tunayemsindikiza leo hakuwa mtu wa maneno mengi, na hangependa asifiwe kwa jambo ambalo hakulifanya. Kwa hiyo yaliyoandikwa hapa ni yale yaliyoshuhudiwa na watu, na wengi wa mashahidi hao mmeketi hapa.

Mzee Abner Onyancha alizaliwa Nyamaiya, upande wa Nyamira, mwezi wa Agosti mwaka 1919, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Momanyi na marehemu Mama Gesare. Mwaka 1927 familia ilihamia hapa Nyakoe. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba hakuna kitu chenye tundu kilichopita mikononi mwa mtoto huyu bila kufunguliwa kionekane ndani, na kwamba alikifunga tena kama alivyokikuta. Hilo la pili ndilo la kuzingatiwa. Wengi hufungua, wanaofunga ni wachache.

Alisoma katika shule ya misheni ya Nyanchwa kuanzia 1930 hadi 1934, akaishia darasa la nne. Hapo ndipo alipobatizwa, akajifunza kusoma Biblia, na kuitunza Sabato. Kiswahili alikijua baadaye, jeshini, kwa amri na kwa matusi. Matusi aliyaacha huko huko. Herufi moja ilimshinda hadi kufa kwake, na ni herufi hiyo iliyomletea jina, kama mtakavyosikia.

Mwaka 1940 aliandikishwa jeshini, akafunzwa ufundi wa magari Gilgil. Baada ya vita alifanya kazi Kisumu katika gereji ya serikali kuanzia 1947 hadi 1958, na mwaka 1959 akafungua gereji yake mwenyewe mjini Kisii. Katika miaka kumi na minane ya gereji hiyo hakubadilisha spea nzima kwa mbovu ili mwenye gari arudi tena. Mafundi vijana mlio hapa mnajua kwa nini jambo hilo linatajwa.

Siku ya Jumapili, tarehe 18 Aprili 1948, alimwoa Bi. Tryphosa Mong'ina wa Mosocho. Mvua ilinyesha siku hiyo tangu asubuhi. Bwana harusi aliazima lori la mizigo, na bibi harusi akapandishwa nyuma pamoja na shangazi zake, turubai likafungwa kwa kamba pande zote. Walipita Kisii mjini, watu wakapiga vigelegele barabarani, lakini Tryphosa hakuona mtu wala mtu hakumwona. Alipoteremshwa hapa Nyakoe, akiwa na nguo nyeupe iliyochafuka kwa vumbi la mahindi, maneno yake ya kwanza kwa mumewe yalikuwa haya:

"Baba, umenioa kama gunia."

Shangazi walicheka. Abner hakucheka. Alimwambia, "Iko siku utapita Kisii na kila mtu atakuona." Ilikuwa ahadi ya mtu aliyekuwa na sanduku moja la spana, na hakuna aliyeiweka moyoni ila wao wawili.

Mwaka 1963 mzungu mmoja wa shamba la chai la Sotik alikuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Nyuma ya banda lake ilikaa Morris ya mwaka 1949, ya aina ile yenye paa la turubai linalokunjwa nyuma. Kuku walikuwa wakitagia kwenye viti, na sakafu ilikuwa imeoza hata ukaona majani. Mzee Abner aliitengeneza mashine ya kukaushia chai iliyowashinda wengine, na alipoulizwa anataka nini, alinyoosha kidole bandani. Aliikokota hadi Nyakoe kwa trekta. Majirani walidhani ameleta kibanda cha kuku, na kwa muda hawakukosea sana.

Miaka minane alilijenga gari hilo, kila Jumapili baada ya kazi za shamba. Fenda alizinyoosha kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga. Vipande vya sakafu alivikata kutoka kwenye pipa la mafuta. Paa alilishona mkewe kwa cherehani yake ya miguu, mara tatu: la kwanza lilivuja, la pili liliruka na upepo wa barabarani pale Kisumu Ndogo, la tatu ndilo hili mnaloliona leo. Tryphosa alivunja sindano kumi na moja. Hakuuliza hata mara moja gari hilo ni la nini, kwa kuwa alijua.

Wengine hawakujua. Mwezi wa Machi 1969 baraza la kanisa lilimwita, kwani alikuwa mzee wa kanisa na watu walikuwa wakinong'ona kwamba amepotoka. Mzee Angwenyi, aliyekuwa mwenyekiti na aliyeketi hapa mstari wa mbele, alimuuliza:

"Mzee Abner, gari la wazi ni la kazi gani? La kubeba ndizi si hilo. La kubeba chai si hilo. Ni la kuonekana."

"Ni kweli, Mzee. Ni la kuonekana."

"Na majivuno je?"

"Majivuno yakinipata, mtayaona. Gari ni wazi."

Baraza lilicheka, lakini Mzee Angwenyi alitaka neno la kushika. Ndipo Mzee Abner alipotoa ahadi ya pili ya maisha yake, na hii iliandikwa katika kitabu cha baraza: gari hilo likimfanya akutwe barabarani jua la Ijumaa likiwa limezama na Sabato imeingia, hata mara moja, atalitoa gari na atauacha uzee wa kanisa siku hiyo hiyo.

Katika Maonyesho ya Kilimo ya Kisii ya mwaka 1971 kulitengwa, kwa mara ya kwanza, nafasi ya magari ya kale yasiyo na paa la chuma. Yaliletwa saba. Lilikuwako jekundu la Bwana Harbans wa kiwanda cha mbao, lililong'aa hata ukajiona meno. Lilikuwako la daktari kutoka Kericho, na mengine ya mabwana wa chai, kila moja na mwenyewe aliyesimama kando akiwa na kitambaa mfukoni. Watu hao walipendana kwa namna yao. Walikaguliana plagi, wakaazimana mafuta ya kung'arisha, na kila mmoja aliamini kwamba wenzake wameharibu rangi. Mzee Abner alikuwa fundi pekee miongoni mwao. Yeye ndiye aliyekuwa ametengeneza manne kati ya yale mengine sita.

"Fundi," Bwana Harbans alimwambia, "ukinishinda leo nitajua uliniachia kasoro makusudi."

"Kasoro ya gari yako ni dereva," Mzee Abner alimjibu. "Hiyo sina nyundo yake."

Jaji alikuwa Bwana Mselem, mtu wa Mombasa, mkaguzi wa magari. Ukaguzi ulipangwa saa nane mchana wa Ijumaa, tarehe 23 Julai, lakini ulianza saa kumi kwa sababu mgeni wa heshima alisubiriwa bila kutokea. Jaji alipofika kwenye Morris, aliuliza habari za paa. Na ninyi mnajua kwamba ulimi wa Mgusii wa rika lile haukuwa na urafiki na herufi P.

"Gari yangu iko na baa mzuri sana, bwana jaji," akasema Mzee Abner kwa sauti ya kusikika. "Mama huyu ndiye alishona."

Uwanja ulikufa kwa kicheko. Bwana Mselem alivua miwani.

"Mzee, gari lina baa? Na bibi ndiye mwenye baa?"

"Ndiyo. Ukitaka nafungua, ukitaka nafunga."

"Wauza nini humo?"

Hapo Mzee Abner alielewa. Alisimama wima kama askari. "Mimi ni Msabato, bwana. Sijaonja kileo tangu nizaliwe. Nasema baa! Baa ya juu! Ya mvua!"

"Kwetu pwani, mzee wangu, baa ni balaa. Mtu hujisifu kwa balaa?"

"Basi naikunja." Alifungua vishikizo viwili, akalikunja lile turubai nyuma ya viti kwa mikono miwili, bila kukwama, kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. "Sasa haina baa."

"Haina baa," jaji akarudia, akiandika, na safari hii hakucheka. Alipitisha kidole kwenye mshono kutoka pembe hadi pembe. Kisha akainama kwa heshima, si kwa Mzee Abner, bali kwa mkewe. "Mama, mshono huu hata mafundi wa matanga kwetu wangeuliza umefundishwa na nani."

Sheria ya shindano ilisema kwamba gari litakaloondoka uwanjani kabla ya jina la mshindi kutangazwa limejitoa. Saa kumi na mbili kasoro robo mgeni wa heshima alikuwa bado hajafika kutoa vikombe. Jua lilikuwa limekaa juu ya miti. Nyakoe ni maili tano, na barabara wakati ule mliijua ilivyokuwa. Watu waliopitia karibu walianza kumtania: "Mzee, Sabato inakuja kwa miguu!" Bwana Harbans alimshika mkono akamwambia asubiri nusu saa tu, kwamba Mungu naye hutazama saa kwa upole.

Mzee Abner alimgeukia mkewe, kwa kuwa miaka minane ile ilikuwa ya wote wawili, na ahadi ya kwanza ilikuwa yake.

"Mama Cleophas, unasemaje?"

"Kikombe cha kunywea chai ninacho nyumbani," akasema Tryphosa, huku akipanda. "Washa."

Aliwasha. Gari lilikuwa likielekea lango wakati Bwana Mselem alipolikimbilia akiwa na karatasi zake mkononi.

"Mzee, wenda wapi? Una kuku wa kufungia?"

"Nina Sabato, bwana jaji. Ikifika jua kuzama niwe nyumbani. Nilisema mbele ya kanisa."

Bwana Mselem alilitazama jua, kisha saa yake mwenyewe. "Nami nina Magharibi," akasema taratibu. "Nimekaa hapa nikimuonea haya mgeni ambaye yeye haoni haya." Akageuka, akampungia mtangazaji. "Alama nimekwisha jumlisha tangu saa kumi na moja. Sheria yasema jina litangazwe. Haikusema nani atoe kikombe."

Basi jina lilitangazwa kwa kipaza sauti gari likiwa bado ndani ya lango, na mtangazaji, kijana wa papa hapa, naye akateleza pale pale: "Mshindi wa kwanza, gari la Mzee Abner Onyancha, gari lisilo na baa!" Kikombe alipokezwa Tryphosa kupitia ubavuni mwa gari, na aliyekikimbiza kutoka mezani alikuwa Bwana Harbans.

Walipita Kisii mjini paa likiwa limekunjwa. Tryphosa alivaa kitambaa cheupe kichwani, kikombe mapajani. Wafanyabiashara walitoka madukani. Wauza ndizi walisimama, wakapiga vigelegele vilivyomfuata hadi mwisho wa mji, na kila mtu alimwona, naye aliona kila mtu. Mzee Abner alisimulia baadaye kwamba alimsikia akisema kwa sauti ndogo, "Leo si gunia."

Kwenye njia panda ya kanisa la Nyakoe Mzee Angwenyi alikuwa amesimama, saa mkononi. Jua lilikuwa lingali juu ya kilima. "Dakika kumi na mbili," akasema. Alilizunguka gari mara moja. Kisha akavua kofia isipeperuke, akaingia kiti cha nyuma, akasema, "Basi nifikishe kanisani, Mzee, zisije zikaisha." Jumapili iliyofuata mchoraji wa mabango aliandika nyuma ya gari maneno HAINA BAA. Sarufi yake si nzuri. Ushuhuda wake hauna kasoro.

Tangu siku hiyo gari lilibeba mabibi harusi ishirini na saba, paa likiwa limekunjwa, na hakuna aliyepandishwa akiwa amelewa wala aliyeteremshwa baada ya Sabato kuingia.

Mwaka 1974 Mzee Abner alianza kuugua kisukari. Aliitunza dawa kama alivyotunza spana, lakini mwaka huu miguu ilimkataa na macho yakafifia. Alhamisi, tarehe 1 Septemba, alimwomba bintiye Jemimah amkalishe ndani ya gari, uani. "Kunja baa, mama," akamwambia. "Nataka kuona juu." Alikaa hapo na mkewe mpaka chai ikapoa. Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Septemba 1977, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, madeni yote ya ahadi yakiwa yamelipwa.

Ameacha mjane, Mama Tryphosa Mong'ina, watoto wanne, Cleophas Obwocha, Orpah, Jemimah na Alfayo, wajukuu tisa, dada mmoja, na kanisa alilolitumikia kwa miaka ishirini na miwili. Jeneza lake limeletwa hapa na gari lake mwenyewe, paa likiwa limekunjwa, kama alivyoagiza.

Mtu huyu aliahidi mara mbili tu, na jua halikumkuta njiani. Apumzike kwa amani, mahali pasipo na baa.