Mbuzi Aliyewakimbiza Wapiga Kura

Kina mama, wazee wangu, na ninyi vijana mliojibana kule mlangoni, Mungu ametuamsha salama, tumshukuru. Mwenyekiti ameniambia niseme kwa ufupi. Mnanijua. Nitajitahidi.

Mnakumbuka nilivyoondoka hapa Endamarariek nikiwa mwalimu wa elimu ya watu wazima, nikapelekwa kwa wafugaji wa Kimaasai kule juu Ngorongoro, njia ya kwenda Wasso. Baridi ya huko, jamani! Wa kuongea naye Kiiraqw hakuna. Watu waliniita "yule wa mashambani." Hawakunitukana, hapana, ila kila nikiamka nilijiona mgeni.

Ukafika mwaka wa uchaguzi. Nikapewa kazi ya kuhamasisha watu wajiandikishe kupiga kura. Karani akaja na Landrova, akaweka meza nje ya darasa letu, akasema wazi kwamba watu wasipojitokeza kituo kinafungwa, na anayetaka kupiga kura aende Wasso. Wasso, ndugu zangu! Bibi mwenye magoti mabovu atafikaje Wasso? Nikapita boma hadi boma nikihimiza. Wakanipokea vizuri, wakanipa maziwa, wala hawakuja. Meza ya karani ikawa inakusanya vumbi tu.

Nikawaza: kwetu mtu ukimwita bila kumpikia, umemwita kweli? Cheka tu, mama, wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Nilikuwa na beberu mmoja, mali yangu pekee yenye miguu. Nikamchinjisha. Tukapika na kina mama wenzangu wageni, wake za walimu, nikatangaza morani wote, wale vijana wao wapiganaji, waje wale, kisha wajiandikishe. Nilijua morani wakija, wengine watafuata. Na kweli wakaja, wamejipaka rangi nyekundu, mikuki inang'aa. Mimi huyo na khanga yangu mpya, nikampelekea wa kwanza sahani ya nyama mpaka mkononi.

Ndugu zangu, nawaambia, alirudi nyuma kama aliyeona nyoka. Wakatazamana, wakageuka, wakaondoka wote. Wazee waliokuja nyuma yao nao wakachukua fimbo zao wakawafuata. Akabaki karani na masufuria. Alikula, tena alikula sana, halafu akasema, "Mwalimu, kesho mchana nafunga."

Nililia, siwafichi. Nikaingia ndani nikaanza kupanga nguo sandukuni nirudi kwetu, maana niliona nimewapotezea watu kituo chao. Ndipo akaingia jirani yangu, bibi wa Kimaasai. Hapo kabla tulikuwa tunasalimiana tu. Akaliona sanduku, akalifunga, akalikalia. Kisha akacheka mpaka shanga zake zikalia.

"Mwanangu, morani hali nyama iliyoonwa na mwanamke. Wewe umeipika, umeipakua, ukamshikisha! Tena morani hata maziwa hanywi peke yake. Halafu ulipopita maboma ulikuwa unaita mmoja mmoja, wewe njoo, na wewe njoo. Nani aje peke yake?"

"Sasa nifanye nini, yeyo?" Yeyo ndiyo mama kwa Kimaasai.

"Kwanza uache kulia. Asubuhi uchume majani."

Asubuhi akanipeleka kwa laigwanani, yule msemaji wa rika la morani. Nikasimama mbele yake na majani mabichi mkononi, maana ndivyo huko mtu anavyoomba amani. Nikamwambia, "Nimekosea, sikujua. Leo siiti mtu mmoja mmoja. Naita rika."

Akayatazama majani, akanitazama mimi. "Huyo mbuzi alikuwa mnono?"

"Sana."

"Pole," akasema, na wenzake wakaangua kicheko. "Tutakuja."

Jua likafika utosini. Karani alikuwa ameshaanza kukunja meza tuliposikia wimbo. Wakashuka mlimani rika zima, na nyuma yao wazee, na kina mama na watoto mgongoni. Karani akaikunjua meza yake. Aliandika mpaka mkono ukafa ganzi, na kila aliyeandikwa hakuondoka, alikaa nyasini kuwasubiri wenzake. Nilikuwa nazunguka zunguka kwa furaha sijui nashika nini.

Jioni karani akafunika kalamu. Hakuna aliyenyanyuka. "Mbona hamwendi?" akauliza.

Laigwanani akaninyooshea fimbo. "Huyu bado."

Jamani, nilikuwa nimejisahau! Karani akaniuliza kama alivyowauliza wote, "Mkazi wa wapi?" Nikafungua kinywa niseme Endamarariek. Kabla sijatamka, yule bibi akajibu kwa sauti, na rika zima likaitikia: "Wa hapa!"

Hapo nililia tena, ila kilio kingine.

Namshukuru bibi aliyekalia sanduku langu. Nawashukuru morani walionisubiri nyasini, na karani aliyekunjua meza. Ninyi mnaoanza kuhimiza watu hapa kwetu, nawaachia hili tu: kabla ya kumwita mtu, muulize kwao huwa wanakuja vipi.

Naona kina mama wameshaanza kupakua, na nimesikia harufu ya mbuzi. Nipeni upawa, leo hakuna atakayenikimbia. Tena msinicheleweshe, wapendwa, kesho asubuhi nina safari ya kule juu. Narudi nyumbani.